Kwa Sauti ya Kusikika

Kalamu iliondoka na Dada.

Hapo ndipo nilipowaacha Ijumaa iliyopita, na wiki nzima watu wamekuwa wakinisimamisha njiani kuniuliza, wewe mwandishi, una akili timamu kweli, harusi inavunjikaje kwa kalamu? Jamani, hasira za yule mwanamke sikuzipanga mimi. Kazi yangu ni kusimulia, na leo nina mengi, kwa hiyo kaeni vizuri.

Kwa aliyekuwa safarini, nitamwambia kwa ufupi. Mpiga pasi wetu, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, anaolewa na Fundi Saa kwa msajili, bila ngoma wala shamrashamra. Sheria inataka mashahidi wawili, mmoja kila upande. Upande wa Fundi amekuja Mzee Betri, anayeuza betri za redio kwenye meza iliyo ubavuni mwa meza ya Fundi. Upande wa mpiga pasi amekuja dada yake, wa tumbo moja, mkubwa wake kwa miaka sita.

Dada alishika kalamu ya msajili, akainama asaini fomu ya mashahidi, kisha akainua kichwa na kumuuliza mdogo wake kama ana furaha.

"Kwani kuna sehemu ya kujaza hiyo?" mpiga pasi akajibu.

Dada akageuka akatoka, na kalamu ya watu mkononi.

Sasa twende. Ilikuwa saa nne na dakika kumi asubuhi, ghorofa ya kwanza. Mlango haujatulia bado, Fundi Saa akaruka kutoka kwenye kiti chake, akamfuata shemeji yake mpaka kichwani mwa ngazi, akamwita.

"Shemeji, rudi."

Maneno mawili tu, lakini ngojeni niwaeleze bei yake. Fundi Saa anapasuliwa koo Jumatatu. Daktari hakuwaficha: sauti huenda ikarudi, huenda isirudi. Tangu Jumanne Fundi alikuwa hasemi na mtu. Wateja aliwajibu kwa mkono, mpiga pasi aliandikiwa vikaratasi, na sauti yake kidogo iliyobaki aliitunza kama mtu aliyebeba yai kwenye kiganja, ili leo aseme neno moja kwa kinywa chake mwenyewe. Ile sauti ilitoka kubwa, ya kukwaruza, ikashuka ngazi zote hadi barazani. Dada hakugeuka.

Mnauliza kwa nini wasingoje apone. Waliuliza na wao. Msajili aliwaambia kwamba kiapo cha ndoa husemwa kwa sauti ya kusikika mbele ya mashahidi. Asiye na sauti ana utaratibu wake, na utaratibu huo ni barua ya daktari, mkalimani wa ishara na mwezi mzima wa kungoja. Fundi alikataa katakata. Alisema, siku alizokuwa bado anasema, kwamba amewaambia watu maneno mengi ya uongo kwa kinywa hiki, hili moja la kweli halitasemwa na mkalimani.

Na mpiga pasi? Mpiga pasi alikuwa bado amekaa pale pale. Alikuwa anaitazama kola ya msajili. Ilipigwa pasi upande mmoja tu.

Wapo wasomaji wanaomwita jiwe. Mmoja ameniandikia kurasa mbili kwamba mwanamke huyu ni barafu na Fundi wa watu amepotea njia. Sitakudanganya, ndugu yangu, hata mimi nilianza kwa kumwona hivyo. Siku ya kumzika mama yao alirudi kazini mchana, akapiga pasi mashuka mpaka jioni, na Dada hajamsamehe mpaka leo. Siku daktari aliposema lile neno kuhusu koo la Fundi, alijibu, "Sawa," akauliza choo kiko wapi. Miaka ishirini na miwili ameshika pasi. Ncha za vidole vyake zimekufa ganzi, akigusa bati la moto hashtuki. Mwenyewe husema ganzi ilianzia vidoleni, ikapanda.

Msajili alipiga chafya. Mafua yalikuwa yamemkamata vibaya, leso haibanduki mdomoni, na alikuwa akisema huku ameinamia daftari kama mtu anayelinong'oneza. Aliwaambia kwamba bila shahidi wa upande wa bibi harusi yeye hana la kufanya. Ndoa hufungwa Ijumaa tu, na saa sita kamili daftari linarudi kabatini.

Mpiga pasi aliuliza amtoe wapi shahidi mwingine.

"Mtu mzima yeyote," msajili akasema, "mwenye kitambulisho, anayeona na kusikia."

Mpiga pasi akashuka ngazi. Hakukimbia, alishuka tu, mkono kwenye ukuta.

Barazani nje, penye kivuli cha jengo, kuna fundi viatu ambaye hukaa pale miaka yote, na kigoda chake, nyundo yake na kopo la gundi. Mpiga pasi akasimama mbele yake, akamweleza shida yake tangu mwanzo, bila kuongeza chumvi wala kupunguza. Fundi viatu aliacha kazi akamtazama usoni muda wote, hata mwanamke akaona haya kidogo. Alipomaliza, yule mzee akaitikia kwa kichwa, akajifuta mikono kwenye aproni.

"Twende," akasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Ilikuwa rahisi kupita kiasi, nanyi mnajua mambo yakiwa rahisi katika hadithi hii. Wakapanda. Msajili, leso mdomoni na macho kwenye daftari, akamuuliza jina lake kamili. Kimya. Akauliza tena. Fundi viatu alikuwa anavichunguza viatu vya msajili, kwa macho ya kitaalamu. Mzee Betri, ambaye hana dogo, akanyata mpaka nyuma yake akapiga makofi. Hakuna aliyegeuka ila sisi wengine.

Mzee Betri akazunguka mbele, akajigusa sikio, akatikisa kidole.

"Ndiyo, sisikii," fundi viatu akakiri. "Homa, nikiwa na miaka thelathini. Hamkuniuliza."

Msajili alisema pole, lakini shahidi lazima asikie. Angemwandika vipi mtu ashuhudie maneno asiyoweza kuyasikia? Fundi viatu hakununa. Alipokuwa anatoka, alimwambia mpiga pasi, kwa sauti ile ile ya kuamsha mtaa, kwamba kisigino chake cha kushoto hakitafika jioni.

Saa tano kasorobo. Mpiga pasi akashika njia ya kufulia, kazini kwake, mitaa miwili mbele.

Pale kufulia mashine zilikuwa zinanguruma, mvuke umejaa, hoteli tatu zinangoja mashuka yao. Msimamizi alisikia neno "shahidi" akadhani ni mambo ya polisi, akaanza kujitetea kabla ya kushtakiwa. Alipoelewa alisema hongera, kisha akasema hapana. Mpiga pasi hakubembeleza. Alisimama tu mbele yake, mikono imening'inia, mpaka msimamizi akashindwa kuvumilia uso ule akampa nusu saa na mtu mmoja.

Mtu huyo ni Mkunja Shuka. Shuka la hoteli halikunjwi na mtu mmoja, lazima wawe wawili, huyu ncha hizi na yule ncha zile, wakutane katikati. Miaka kumi na mmoja wawili hawa wamekutana katikati ya kila shuka, mara mia kwa siku, na hawajawahi kugombana. Mkunja Shuka hakuuliza una furaha wala huna. Alivuta kitambulisho chake kutoka mfuko wa aproni, akakibusu, akasema shoga yangu, kimbia.

Wakakimbia. Na kwenye ngazi ya kwanza ya ofisi, kisigino cha kushoto kikabaki nyuma.

Fundi viatu hata hakusema nilikwambia. Alinyoosha mkono tu akakipokea kiatu. Mpiga pasi akapanda na kiatu kimoja, kama kuku aliyeumia, Mkunja Shuka akimshika kiwiko.

Msajili alikipokea kitambulisho. Akakigeuza. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakisogeza, akakirudisha.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi," Mkunja Shuka akasema.

"Hapa hakuna mtu."

Na kweli hapakuwa na mtu. Mahali pa picha palikuwa peupe, safi, panang'aa. Jina lilibaki herufi mbili. Jamani, nicheke au nilie? Wanawake hawa hupekua kila mfuko wa kila mgeni wa hoteli kabla ya kufua. Wameokoa pete, wameokoa funguo, wameokoa meno ya bandia ya mzee mmoja wa watu. Lakini aproni zao wenyewe Jumamosi huzitia mashineni bila hata kuzikunguta, kwa sababu nani ataficha kitu kwenye aproni? Kitambulisho kile kilikuwa kimefuliwa mara tatu, kwa maji ya moto, na sabuni nzuri.

Mkunja Shuka aliomba, akaapa, akasema uso si huu hapa mnauona. Msajili alisema uso anauona, anachokosa ni karatasi ya kuufananisha nao. Nusu saa ya msimamizi ilikuwa inakwisha. Mkunja Shuka akamkumbatia mwenzake, akarudi kwenye mashuka yake akilia njia nzima. Aliyemwacha hakulia.

Saa tano na dakika kumi na tano. Saa tano na nusu.

Walikaa kwenye benchi, bibi harusi na bwana harusi, kama watu wanaongoja dawa. Mguu mmoja wa mpiga pasi ulikuwa chini kwenye saruji na hakuusikia ubaridi. Fundi alimshika vidole. Hakuvisikia pia, alijua tu kuwa vimeshikwa kwa sababu aliviona. Fundi akaandika kwenye kikaratasi: Tuache? Mpiga pasi akakisoma, akakikunja mara mbili, ncha kwa ncha, akatikisa kichwa. Hakujua kwa nini ametikisa. Mzee Betri alijitolea kuwa shahidi wa pande zote mbili, akaambiwa anyamaze.

Saa sita kasoro dakika ishirini mlango ukafunguka.

Dada.

"Nimerudisha kalamu ya watu," akasema, akaiweka mezani.

Msimcheke. Mwanamke huyu alizaliwa hivyo. Aliwahi kurudi sokoni kwa miguu kurudisha nyanya moja iliyozidi. Hajui kusema uongo, hata ule mdogo wa kumwambia mgonjwa anaendelea vizuri, na ndiyo maana watu humwogopa kuliko wanavyompenda. Alikuwa ameshafika nyumbani, akatia maji jikoni, akaiona kalamu kwenye mkoba, akazima jiko.

Alimwita mdogo wake nje. Wakasimama kichwani mwa ngazi, wao wawili tu.

"Mimi siwezi kuweka jina langu kwamba umeolewa kwa hiari yako," Dada alisema. "Nimekutazama uso asubuhi nzima, sijaona kitu. Siku ya mama sikuona kitu, na leo sikuona kitu. Niambie jambo moja tu la kweli, mdogo wangu. Moja. Nitasaini."

Mpiga pasi aliutazama mguu wake usio na kiatu.

"Ile saa ya mama," akasema mwishowe.

"Imefanya nini?"

"Ilisimama siku ile ya mazishi. Nikaipeleka kwa Fundi. Akaniambia njoo kesho."

Dada aliguna. Nani kati yetu hajaambiwa njoo kesho na fundi? Kuna suruali yangu kwa fundi cherehani ambayo kesho yake inatimiza mwaka.

"Nikaenda kesho. Akaniambia njoo kesho. Nikaenda tena. Miezi minne, dada."

"Na hukumpigia kelele?"

"Saa ilipona siku ile ile ya kwanza. Nilikuwa naisikia inagonga ndani ya droo yake. Naye anajua kwamba naisikia. Ananiambia, mteja, njoo kesho. Nami namwambia, sawa, nitakuja." Sauti yake ilikuwa bapa, kama anasoma orodha ya nguo. "Tangu mama afe, hicho ndicho kitu kilichokuwa kinanitoa kitandani. Kuna mtu ameniambia njoo kesho. Jumatatu wanampasua koo. Kama nina furaha sijui. Naogopa. Hilo nalijua."

Dada alifuta macho kwa mgongo wa mkono. Alimuuliza kwa nini hakulisema hilo asubuhi, mbele ya kalamu.

"Hukuniuliza kama naogopa," mpiga pasi akasema. "Uliniuliza kama nina furaha."

Wakarudi ndani. Dada alisaini kwa herufi kubwa zinazosomeka, jina lote, kitambulisho chake kikiwa safi hakijawahi kuloweshwa. Zilibaki dakika tisa. Msajili akasimama, akawasimamisha, akaeleza kwa kifupi kwamba mashahidi wasikilize vizuri, maana wakishasikia kiapo ndipo watakapotia sahihi zao kwenye daftari lenyewe.

Alianza na bibi harusi. Je, anamkubali mwanamume huyu kuwa mume wake, kwa hiari yake, bila kulazimishwa?

"Nakubali," mpiga pasi akasema. Bapa, lakini likasikika mpaka kwenye kabati.

Msajili alipomgeukia Fundi, mlango ukasukumwa taratibu. Fundi viatu, kiatu mkononi, kisigino kipya. Msajili akamwonyesha kwa kidole asimame pembeni. Fundi viatu akaenda dirishani, akasimama huko, akamkabili bwana harusi uso kwa uso, kiatu amekikumbatia kifuani.

Je, unamkubali mwanamke huyu?

Fundi Saa akavuta pumzi. Akafungua kinywa.

Hakikutoka kitu.

Alifungua tena. Mishipa ya shingo ikasimama, midomo ikaenda, na chumba kikabaki kimya hadi tukaisikia saa ya ukutani. Mara ya tatu akashika meza kwa mikono miwili. Hewa tu. Yai alilolibeba siku nne lilikuwa limevunjikia kwenye ngazi, asubuhi, kwa maneno mawili ya kumwita shemeji. Akaacha. Akamgeukia mpiga pasi, midomo ikacheza tena kidogo, kisha akaifunga.

"Nimesikia," Mzee Betri akasema haraka.

Msajili alimwambia kwamba hajaulizwa, na tena amesikia vizuri mno kwa mtu ambaye mwenzake hakutoa sauti. Akamgeukia Dada.

"Shahidi wa bibi harusi. Umesikia?"

Dada alimtazama Fundi. Alimtazama mdogo wake, mguu mmoja una kiatu na mmoja hauna. Ungeona jinsi alivyoitafuta njia ya kulisema lile neno moja, neno ambalo mimi na wewe tungelitoa bila kufikiri.

"Nilimsikia asubuhi aliponiita," akasema. "Nikaendelea kushuka. Sasa hivi sikusikia."

Msajili alishika jalada la daftari, akaanza kulifunga.

Mpiga pasi aliitazama mikono yake mwenyewe. Alijua kwamba hapa mtu hulia. Alingoja, machozi hayakuja.

"Amesema nakubali."

Sauti kubwa, ya kuamsha mtaa. Wote tukageuka dirishani.

"Mara tatu," fundi viatu akaongeza. "Ya pili ndiyo aliyoisema vizuri zaidi."

Msajili, leso mdomoni, alisema kwamba huyu ni kiziwi. Fundi viatu akamnyooshea kiatu.

"Hapo sijui umesema nini, umejifunika, kama asubuhi. Mtu nikimwona mdomo, najua asemalo. Miaka ishirini na tano nasikia watu kwa macho. Huyu mama aliponieleza shida yake pale chini, nani alinitafsiria?"

Msajili akaishusha leso. Akasema, polepole, kwamba hata hivyo haitoshi. Kila bwana harusi aliyesimama mbele ya meza hii husema nakubali. Hata mtu aliyefungwa macho na masikio angeweza kubahatisha.

Fundi viatu aliufuata mdomo ule mpaka mwisho. Akafikiri.

"Basi kuna lingine," akasema. "Alipomaliza alimgeukia huyu mama mwenye kiatu hiki, akamwambia njoo kesho. Hilo sikulielewa, maana kesho ni Jumamosi, mmefunga."

Dada alikaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa tu, na kwa bahati benchi lilikuwepo.

Na mpiga pasi, yule mnayemwita jiwe? Uso wake ulikunjamana wote kwa mara moja, kama shuka linalotoka mashineni. Alijishika mdomo, mabega yakaanza kutikisika, na hakuna aliyeweza kusema kama anacheka au analia, hata yeye. Alikuwa amevikamata vidole vya Fundi, na alivisikia. Vilikuwa vya baridi, na kimoja kilikuwa na kovu la bisibisi ambalo hajawahi kulijua.

"Sawa," akamwambia. "Nitakuja."

Dada alikuwa ameshasimama tena, mbele ya meza, kidole juu ya daftari ili lisifungwe. Alimweleza msajili kwamba hilo la njoo kesho si la kubahatisha. Yeye mwenyewe, ndugu wa tumbo moja, amelijua leo, kwenye ngazi, dakika chache zilizopita, na wakati huo mzee huyu alikuwa chini barazani anagonga kisigino. Kama msajili anataka aapishwe kwa hilo, alete kitabu chochote, ataapa.

Mzee Betri alifungua kinywa. Wote tukamtazama, akakifunga.

Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika mbili. Msajili aliitazama, akalitazama jina la Dada kwenye fomu, akalipiga mstari mmoja mwembamba. Akaikunja leso yake akaitia mfukoni. Kisha akainua kidevu juu, mwanga wa dirisha ukampiga mdomoni, na akasema neno moja moja, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma.

"Mzee. Una kitambulisho?"

Fundi viatu akaweka kiatu mezani, akaanza kujipapasa mifuko.